Hesabu Mashina Kabla ya Kupima Ua
Mhadhara kwa wakulima wa maua na wanafunzi wa kilimo, Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Dada na kaka mnaouza miche Mwanga, Gungu na Ujiji, na vijana mliokuja na madaftari, karibuni sana. Nimeombwa nizungumzie okidi za kiatu: namna ya kuzichanganya ili zitoe mimea mikubwa yenye maua mengi, na namna ya kuzipa alama kwenye maonesho. Niseme mapema ninachokiamini. Kwa zaidi ya miaka mia moja okidi hizi zimechaguliwa kwa kutazama ua moja, na mmea wenyewe umesahauliwa. Sisi tunaoanza leo hatuna sababu ya kupita njia hiyo hiyo.

Porini kwetu hazipo. Miombo ina Ansellia africana, ile yenye madoa ya chui inayokaa juu ya matawi, na kwenye hifadhi ya Kitulo kuna okidi za ardhini ambazo watu husafiri mbali kuziona. Okidi za kiatu ni za kwingine. Zimegawanyika katika jenasi tano, yaani makundi ya mimea ya ukoo wa karibu, na mbili ndizo zinazotuhusu: Paphiopedilum, inayoota kuanzia India hadi Visiwa vya Solomon, na Phragmipedium ya Amerika ya Kati na Kusini.

Sogeeni mlitazame ua hili. Petali moja imejikunja ikawa mfuko, ndiyo ile inayofanana na ncha ya kiatu. Mdudu akiteleza ndani, hawezi kutoka alikoingilia kwa sababu ukingo umejipinda na kuta zinateleza. Njia yake ni ya nyuma, kwenye vinyweleo anavyovishika kama ngazi. Akipanda hapo mgongo wake unagusa kwanza stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, halafu anapita kwenye mojawapo ya matundu mawili yenye chavua. Ametoka, na chavua imemganda. Sisi tunafanya kazi yake kwa kijiti cha meno. Nakata mfuko ili nione vizuri. Chini ya ile ngao ndogo ya katikati kuna stigma, na pembeni, kushoto na kulia, chavua ya manjano inayonata. Naichota, naipaka kwenye stigma ya mmea wa pili, nafunga kibandiko chenye tarehe na majina ya wazazi, mama akitangulia. Basi. Tunda la Phragmipedium hukomaa kwa miezi michache. La Paphiopedilum linaweza kukaribia mwaka.

Mbegu zake ni vumbi, hazina akiba ya chakula. Porini hulishwa na kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba zinaweza kuota bila kuvu, ndani ya chupa safi yenye agaa (unga wa mwani unaogandisha maji), sukari na chumvi za lishe, na mpaka leo vitalu vinafanya hivyo hivyo.

Sasa kiini cha mazungumzo yetu. Shina moja la okidi ya kiatu, yaani shada moja la majani, huchanua mara moja tu katika maisha yake. Likishachanua halitoi ua tena; kazi yake inabaki kulisha machipukizi yanayotoka ubavuni. Kwa hiyo wingi wa maua ni hesabu ya mambo mawili: mashina mangapi yamekomaa, na kila bua linabeba maua mangapi. Mchanganyaji asiyeyatazama yote mawili anabahatisha.

Upande wa bua, spishi zinatofautiana sana. Paphiopedilum insigne hutoa ua moja. P. rothschildianum ya Mlima Kinabalu, Borneo, hubeba kadhaa kwa mpigo, na ukiiona imefunguka yote unaelewa kwa nini watu huisubiri miaka kumi na zaidi tangu mbegu. Wengine, kama P. primulinum na P. glaucophyllum, hutoa moja baada ya jingine kwenye bua lile lile kwa miezi mingi. Phragmipedium longifolium nayo ni ya namna hiyo.

Lakini maonesho yaliwapeleka watu upande mwingine. Chotara ya kwanza ya Paphiopedilum, Harrisianum, ilichanua Uingereza mwaka 1869. Baada ya hapo insigne, spicerianum na villosum zikachanganywa kizazi juu ya kizazi, kila mara akichaguliwa mwenye ua la duara zaidi na sepali ya juu, lile jani la ua linalosimama nyuma ya petali, pana zaidi. Matokeo ni ua zito la kuvutia, moja kwenye bua, juu ya mmea ambao mara nyingi unajivuta kuongeza mashina. Siyadharau maua hayo. Nasema tu kwamba kilichopewa alama ndicho kilichozidi kuzalishwa.

Tazameni Chama cha Okidi cha Marekani. Kwa tuzo za ubora wa ua, alama 75 hadi 79 ni ngazi ya kwanza, 80 hadi 89 ya pili, 90 na kuendelea ni ya juu kabisa, na umbo na rangi ndivyo vinavyochukua sehemu kubwa. Mmea uliokuzwa vizuri ukajaa maua una tuzo yake tofauti, na hiyo hupewa mkuzaji. Ni haki, mkono wa mkuzaji una kazi kubwa. Lakini uwezo wa kutoa mashina mengi uko pia kwenye damu ya mmea, na hapo ndipo mimi na majaji tunapoachana.

Mtaniuliza kuhusu kuongeza kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi. Kolkisini, sumu itokanayo na mmea wa Colchicum, inaweza kuzifanya seti mbili kuwa nne. Ua huwa kubwa, petali nene. Mara nyingi, hata hivyo, ukuaji hupungua kasi. Ukimchanganya huyo na mwenye seti mbili unapata mwenye seti tatu, ambaye anaweza kuwa na nguvu sana lakini kwa kawaida hazai. Hiyo dawa si ya kuchezea jikoni, tafadhali.

Sisi watu wa mawese hatuhitaji kufundishwa hatari ya mbegu ya chotara. Mnaochukua miche ya michikichi TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, mnajua kwamba mchikichi chotara uitwao tenera ni mtoto wa aina mbili, dura na pisifera. Ukipanda mbegu za tenera yako mwenyewe, takriban robo hurudi kuwa dura na robo nyingine hutoka pisifera, ambazo nyingi hazizai. Okidi bora nayo hairudiwi kwa mbegu. Tena okidi za Phalaenopsis za madukani huzalishwa kwa wingi maabara kutokana na tishu, yaani vipande vidogo vya mmea mama, ila kwa okidi za kiatu njia hiyo imekuwa ngumu mno. Unachoweza ni kugawanya mashina. Basi mmea wenye ua la ajabu na mashina mawili baada ya miaka mitano utauza nini?

Mfano ninaoupenda ni wa Phragmipedium besseae, nyekundu kama pilipili, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1981. Ua lake si kubwa, na shina lake hutambaa na kupanda nje ya chungu. Kisiwani Jersey waliichanganya na longifolium, na mwaka 1991 chotara hiyo ikasajiliwa kwa jina la Eric Young: rangi imetoka kwa mzazi mmoja, bua refu la kuchanua kwa miezi likatoka kwa mwingine. Huo ni uchanganyaji wa mtu aliyeutazama mmea mzima.

Kwa Kigoma ningeanza na uzao huo wa longifolium, na jambo moja mlishike: msiimwagilie maji ya ziwa. Tanganyika ina magadi, pH yake, kipimo cha uchachu au umagadi wa maji, inakaribia 9, na Phragmipedium huungua ncha za majani kwa chumvi. Kingeni maji ya mvua kuanzia Novemba, muwe na simtank ya kuvusha kiangazi.

Jenasi zote mbili ziko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, kwa hiyo msinunue mmea uliong'olewa porini. Nunueni miche iliyozalishwa kitaluni, ikiwa bado kwenye chupa zilizofungwa, na mpate kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla haijasafirishwa. Ikishatoka chupani, kila mche uwe na ukurasa wake: mashina mapya kila mwaka, maua kwa kila bua, wiki bua lilizokaa na ua. Upana wa ua andikeni mwisho. Msimchague mzazi kabla hajachanua misimu miwili, na mliochagua msiwagawanye mpaka wawe na mashina yasiyopungua sita, ili kila upande ubaki na matatu.