Tairi la Mbele Halipasuki Siku Moja

MADO: Jambo sana, wasikilizaji wa Lubumbashi na wa popote mlipo. Leo salamu ni fupi, maana Papa Kalenga ameingia studio na kipande cha mpira. Papa, hiki ni nini tena?

PAPA KALENGA: Ubavu wa tairi, mwanangu. Nimeuokota barabara ya Likasi. Shika uone. Nyaya za chuma zimekatika kwa mstari mmoja, kama zipu iliyofunguka.

MADO: Eh! Kweli.

PAPA KALENGA: Hiyo si jiwe, si msumari. Ni uchovu. Tairi likiwa na upepo kidogo, ubavu unakunjika kila gurudumu linapozunguka. Chukua waya wowote, ukunje huku na huku: unashika joto, mwisho unakatika. Njo vile vile. Basi mtu akiniambia "lilipasuka ghafla" mimi nacheka. Lilianza kupasuka wiki tatu nyuma, yeye akiwa anapiga muziki.

MADO: Sasa niseme kilichonifanya nikuite. Mjomba wangu amenunua basi la zamani kutoka Ulaya, ametoa viti, ameweka vitanda, jiko, tangi la maji. Nyumba ya magurudumu. Alhamisi anataka kwenda Kolwezi na watoto, mwakani Zambia.

PAPA KALENGA: Tangi liko wapi?

MADO: Nyuma ya kiti cha dereva. Lita 600.

PAPA KALENGA: Kilo 600 hizo. Na jenereta?

MADO: Upande uleule. Alisema waya zitakuwa fupi.

PAPA KALENGA: (anacheka) Haya. Nyuma matairi yako manne, yanabebana. Mbele ni mawili, kila moja na mzigo wake. Tuseme ana 295/80R22.5, saizi ya kawaida ya basi. Ubavuni pameandikwa 152/148. Hiyo 152 ni kilo 3,550 tairi likiwa peke yake. 148 ni kilo 3,150 kwa kila moja yakiwa pacha. Na uwezo huo unaupata kwa upepo wake kamili tu, bari 8.5 hivi; bari ndiyo kipimo cha upepo. Ukipunguza upepo, umepunguza kilo.

MADO: Sasa atajuaje uzito?

PAPA KALENGA: Aende kwenye mizani ya makamyo, na maji yakiwa yamejaa, mazuti, yaani dizeli, yamejaa, familia yote ndani, hata gunia la unga wa bukari. Halafu asipime ekseli peke yake, yaani gurudumu la kushoto na la kulia kwa pamoja! Ekseli ya mbele inaweza kuonyesha kilo 6,800, akafurahi, kumbe kushoto kuna 3,700 na kulia 3,100. Apandishe gurudumu moja moja, mahali pawe sawa.

MADO: Na kilo zikizidi, aongeze upepo?

PAPA KALENGA: Hapana. Zikipita uwezo wa tairi, upepo hauponyi kitu. Ahamishe tangi.

MADO: Mashofere wengi wanapima kwa kugonga nyundo.

PAPA KALENGA: Nyundo inakuambia tairi limekufa. Bari 6 na bari 8 zinalia sawasawa. Nunua manometa, kile kifaa cha kupimia upepo, pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ukisimama kwa kwado, pale wanapotengeneza matairi, baada ya kilomita 100 utakuta upepo umepanda, na unapaswa kupanda. Usiutoe! Mimi niliwahi kuutoa, mwezi wa kumi, jua la kuua. Nilijiona fundi. Asubuhi tairi lilikuwa na upepo pungufu, nikaenda nalo hivyo hivyo, likachemka zaidi ya jana. Mungu alinihurumia, lilikuwa la nyuma.

MADO: Na ukikuta limeshuka sana?

PAPA KALENGA: Likipoteza moja ya tano, yaani 8.5 imefika 6.8, na limetembea hivyo, usilijaze pale pale. Livuliwe, likaguliwe ndani. Nyaya zikiwa zimekatika, linafunguka wakati wa kujaza, na yule kijana wa kwado amechuchumaa mbele yake. Tairi la namna hii linajazwa ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu, mtu asimame kando. Hili linaniuma, maana vijana wetu hawana vizimba.

MADO: Na yale ya rishape, ya kuvalishwa mpira mpya?

PAPA KALENGA: Nyuma, sawa. Mbele, hapana. Marekani sheria inayakataza kwenye magurudumu ya mbele ya basi.

MADO: Na kama limeshapasuka uko barabarani?

PAPA KALENGA: Mguu utakimbilia breki wenyewe. Uukataze. Shika usukani kwa mikono miwili, acha mguu kwenye mafuta kidogo mpaka gari linyooke, ndipo uachie polepole. Gari linavutwa upande wa tairi lililokufa. Kwetu tunatembea kulia, kwa hiyo tairi la kushoto ndilo linakupeleka kwa anayekuja. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia wanatembea kushoto, hapo la kulia ndilo la kuogopa.

MADO: Sijawahi kufikiria hilo! Papa, mjomba amenitumia picha ya tairi moja. Anasema meno bado mapya.

PAPA KALENGA: Meno si umri. Mpira unazeeka hata basi likisimama tu juani. Soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT pale ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kuna viwanda vinavyosema lisivuke miaka 10, hata likionekana zuri.

MADO: Tatu, saba... sifuri, tisa.

PAPA KALENGA: Wiki ya 37, mwaka 2009. Ni la wapi hilo?

MADO: Mbele. Kushoto.

PAPA KALENGA: Chini ya tangi.

MADO: Ngoja nimpigie.