Ubora wa Huduma kwa Mzee Nyumbani: Anza na Ngozi, Daftari Baadaye

Ndugu wasimamizi wa wahudumu wa majumbani, karibuni.

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari na mtafiti wa ubora wa huduma za afya, aliugawa ubora wa tiba mafungu matatu: muundo, mchakato na matokeo. Muundo ni vilivyopo, kama glavu, kipimo cha presha na mhudumu aliyefunzwa. Mchakato ni yanayofanyika: kuogesha, kulisha, kugeuza. Matokeo ni hali ya mzee mwenyewe. Fomu nyingi za ukaguzi huishia fungu la kwanza, kwa kuwa glavu huhesabika upesi. Leo nawaomba mgeuze mpangilio: kwanza mwili wa mzee, kisha kauli yake, daftari la mhudumu mwisho.

Mzee asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila saa mbili akiwa kitandani. Akiwa kitini, asogezwe kila saa moja. Asipogeuzwa, vidonda vya kulalia huanzia pale mfupa ulipo karibu na ngozi: juu ya makalio, nyongani, visiginoni, kisogoni. Mafunzo mengi husema mtafute wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani, na hapo ndipo mkaguzi anapopitwa. Fungua dirisha, linganisha sehemu hiyo na ngozi ya jirani yake: imekoza, ina uzambarau? Halafu iguse kwa mgongo wa kiganja. Joto au ubaridi usio wa kawaida, ugumu, ulaini wa kubonyea, maumivu: lolote kati ya hayo ni dalili. Kidonda kilichokwisha kufunguka kinakuambia uzembe wa siku zilizopita, nawe unakitaka kile ambacho bado kinaweza kuzuiwa.

Angalia pia tiba zinazofanywa kwa nia njema. Kuisugua sehemu hiyo kwa mafuta huumiza nyama ya chini. Kumkalisha juu ya kata ya kanga, au pete ya mpira, huibana damu pembezoni na kuzidisha madhara. Kwa visigino, mto uwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kining'inie bila kugusa godoro.

Sasa tazama jagi la maji. Lipo? Mzee analifikia kwa mkono wake? Wazee wengi hujinyima maji kwa kuona haya kuomba kupelekwa chooni, hasa usiku. Hapo huja mkojo mzito, choo kigumu, na mara nyingine kuchanganyikiwa ghafla ambako jamaa huita uzee. Kwa hiyo ukikuta jagi kavu, kagua na njia ya kwenda chooni: taa, kitu cha kushikilia, na nani huamka usiku.

Uzito upimwe kila mwezi, kwa mizani ileile. Kupungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi mitatu bila kukusudia ni jambo la kupeleka kituo cha afya. Asiyeweza kusimama, mzungushe utepe wa kupimia kwenye shavu la mguu palipo panene. Chini ya sentimita 31 ni ishara ya kuishiwa misuli. Lakini mguu uliovimba hudanganya, usiutegemee.

Dawa zihesabiwe. Kama vidonge 30 vya kila siku kimoja vilianza tarehe 1, jioni ya tarehe 10 vibaki 20. Vikibaki 26, siku sita zimerukwa. Vikibaki 14, yaelekea watu wawili wanampa bila kuambizana, kijana wake asubuhi na msaidizi mchana.

Mazungumzo yanahitaji ustaarabu. Ukimwamkia bibi na kumuuliza mbele ya mkwewe kama anatunzwa vizuri, atakujibu, "Tunamshukuru Mungu, mwanangu." Hiyo ni heshima yake kwa nyumba, usiiandike kuwa ni kuridhika. Omba mkae wawili, kisha uliza yenye saa na jina: Leo umekunywa chai saa ngapi? Jana nani alikuogesha, mlango ulifungwa? Ukitaka kujigeuza usiku unamwita nani? Anayesahau sana muulize pia, halafu mtazame uso anapoguswa na mhudumu wake: akijikunyata, andika.

Ndipo ufungue daftari. Presha ya 120/80 siku thelathini mfululizo haikupimwa. Namba zinazoishia sifuri kila mara zimekadiriwa. Wino mmoja na mwandiko usiobadilika kwa wiki nzima huonyesha liliandikwa kwa mkupuo. Kabla ya kumlaumu mhudumu, hesabu nyumba zake: mwenye nyumba tisa kwa siku moja, pamoja na kungoja daladala, hawezi kumwogesha kila mzee.

Fomu zenu zitabaki kwenye mkoba kwa sasa. Tepe ziko mezani. Kaeni wawili wawili, kila mmoja ampime mwenzake shavu la mguu mara tatu, tuone tofauti ya vipimo vyenu.