Mzee kwenye Noti ya Shilingi Mia

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kufika licha ya msongamano wa Thika Road. Mwenye noti ya shilingi mia aitoe mfukoni. Asiye nayo amwazime jirani, ila airudishe.

Tazameni upande wenye KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi. Kuna mzee ameketi pale. Nani huyo? Naam, Mzee Jomo Kenyatta. Sasa sikilizeni Katiba ya 2010, Kifungu cha 231. Noti na sarafu zinaweza kuwa na michoro ya kuonyesha au kuashiria Kenya, lakini zisiwe na picha ya mtu yeyote. Kwa Kiingereza, kinachoruhusiwa ni "image". Kinachokatazwa ni "portrait". Sarafu za 2018 hazikuleta ubishi huo: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Noti zilipozinduliwa Juni 2019, mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda kortini kupinga mzee yule aliyeketi, ambaye ni sanamu ya Kenyatta iliyo mbele ya KICC. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ikalitupilia mbali ombi lake.

Hapo ndipo penye utamu. Kilicho kwenye noti ni mchoro wa sanamu, na sanamu nayo ni mfano wa mtu. Je, mtu akichorwa kwa kupitia sanamu yake, amechorwa au hakuchorwa? Mimi nasema yumo. Mmemtaja kabla sijamaliza kuuliza. Lakini kutambulika peke yake hakutoshi kuifanya ile iwe picha yake. Kilicholengwa ni KICC, na sanamu imekuwa uwanjani pale tangu miaka ya 1970. Ingawa, tusidanganyane, jumba lile ni la mviringo, na aliyechagua upande huu alikuwa na macho.

Neno hilohilo "image" Waingereza hulitwika mengine. Ukisimama mbele ya kioo, unajiona kwa nyuma yake, umbali uleule uliosimama. Weka karatasi huko nyuma uone kama itanasa kitu: mwanga haufiki. Picha ya projekta inanaswa ukutani bila shida. Fizikia huziita zote mbili taswira, ya projekta halisi, ya kioo si halisi. Ukienda hospitali utaambiwa ukapigwe picha ya kifua, uletewe mbavu.

Wanahisabati ndio waliopita mpaka. Chukua kanuni ya kuzidisha namba kwa yenyewe: taswira ya 3 ni 9, na ya -3 pia ni 9. Hakuna anayefanana na mwenzake hapo, na hawajali.

Na mwanasiasa? Kwa Kiingereza huharibiwa "image". Wetu huchafuliwa jina. Sura yake haina neno. Imebandikwa kwenye kila nguzo kutoka Kawangware hadi Dandora, na mvua ndiyo inayoichafua.

Haya, karibuni kwa maswali. Na noti za watu zirudi.