Kidole Kikisema 98: Mhadhara kwa Waongozaji, Wagumu na Wakazi wa Moshi

Shikamoni wazee wangu. Wengine wote, habari za mchana, na poleni na jua.

Nawaona waongozaji wa mlimani, nawaona wagumu, yaani wapagazi wetu, na akina mama kutoka Majengo na Pasua. Nashukuru, maana kifaa cha leo kinawahusu nyote: kile cha kubana kidoleni, kipima oksijeni. Kabla ya korona kilikuwa cha hospitali na cha mlimani. Mwaka 2020 na 2021 kikaingia majumbani, kikawekwa karibu na ndimu, tangawizi na sufuria ya kujifukizia. Baba akikohoa usiku, nyumba nzima inainamia kidole chake kusoma namba. Na ilisaidia, kwa sababu korona iliweza kushusha oksijeni ya mtu ilhali bado anaongea na kula vizuri.

Namba ile inatoka wapi? Kifaa hakichukui damu. Kinapitisha kidoleni mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni. Damu yenye oksijeni hunyonya mwekundu kidogo. Isiyo na oksijeni hunyonya zaidi. Kifaa hufuatisha mapigo, hulinganisha mianga miwili, kisha hukisia asilimia ya oksijeni kwenye damu. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyebuni njia hiyo miaka ya 1970. Alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima inahangaika kutafuta kifaa chake.

Makisio hukosea. Kidole cha baridi hukosesha, mkono unaotetemeka vilevile, rangi ya kucha, hata piko ya harusini. Lakini lipo kosa linalotuhusu sisi zaidi, nalo linaniuma: rangi ya ngozi. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa matokeo ya kulinganisha namba ya kidoleni na damu iliyotolewa kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Waliangalia vipimo ambavyo kifaa kilisoma 92 hadi 96. Kwa wagonjwa weusi, katika asilimia 11.7 ya vipimo hivyo oksijeni ya kweli ilikuwa chini ya 88. Kwa wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Na wataalamu walishaandika kuhusu tofauti hiyo tangu 1990! Miaka 30 kifaa kinauzwa, mtu mweusi anaambiwa yuko salama, kumbe hewa inamwishia.

Msivitupe. Pima umekaa, vidole vimepata joto, subiri namba itulie, kisha ilinganishe na namba yako mwenyewe ya jana. Ukizoea 96 na leo unasoma 91, nenda hospitali. Na mtu anayehema kwa kasi, aliyechanganyikiwa, au anayeshindwa kumaliza sentensi, mpelekeni hata kama kidole kinasema 95.

Sasa mlimani. Pale kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita 4,673, oksijeni unayoipata katika kila pumzi ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile anayoipata mtu wa Tanga. Namba za 80 na kitu ni za kawaida huko, kwa hiyo namba peke yake haitoshi kuamua nani apande. Mwambie mtu atembee kwenye mstari, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, anashuka. Akihema sana hali amekaa, au akikohoa povu, anashuka, hata kama ni saa nane usiku. Mgeni mwenye 83 anayekula na kutembea vizuri anaweza kuwa salama kuliko mgumu mwenye 88 anayepepesuka.

Na wagumu, nani anawapima? Mgeni anabanwa kidole jioni na asubuhi. Aliyebeba mzigo wake mara nyingi haulizwi hata kama kichwa kinamuuma. Waongozaji, hilo liko mikononi mwenu, lianze safari ijayo.

Saa za mkononi zinazohesabu hatua nitazipitia haraka. Ile hesabu ya hatua 10,000 kwa siku haikutoka hospitali; ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Mama anayetembea kila siku na mzigo wa ndizi hadi soko la Mbuyuni ameshazipita, saa asiwe nayo.

Kaka pale nyuma ameuliza: mtu akilala na jiko la mkaa ndani, kifaa kitaonyesha? Hapana, na hapo ndipo kinapodanganya vibaya zaidi. Moshi wa mkaa una gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, inayoshika damu pale inapotakiwa kukaa oksijeni, na kifaa hakiwezi kutofautisha hizo mbili. Mtu anazimia, kidole kinasoma 98. Baridi ya Juni na Julai ikija, jiko libaki nje, liwe la chumbani au la hema la jikoni kule juu. Mkimkuta mtu kichwa kinamgonga, anatapika, hajielewi, mtoeni nje kwanza apate hewa, kisha hospitali mara moja. Mkifika, mwambieni daktari kwamba alilala na mkaa, kwa sababu anahitaji kupimwa damu yenyewe na kuwekewa oksijeni, haidhuru kidole kinasema nini.