Ni Alama Gani Iliyokunyima Kadi?

Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu wote, asanteni kwa kufika. Kuna waliotoka mitaa ya Ruashi na Katuba hapa Lubumbashi moja kwa moja baada ya kazi, kwa hiyo naingia katika jambo lenyewe.

Karibu kila familia iliyoketi hapa ina mtoto Marekani. Wako waliopita katika loteri ya visa, wako waliokwenda kama wakimbizi wakitokea kambi za Tanzania, Burundi au Uganda, wako waliokwenda kusoma wakabaki. Na katika simu za Jumapili, baada ya habari za wagonjwa na za mitihani, linakuja swali hili: niliomba kadi ya mkopo wamenikatalia, lakini kwenye simu yangu alama yangu ya mkopo, ile namba inayoonyesha jinsi mtu anavyolipa madeni, ni nzuri, kwa nini? Sisi huku tunakimbilia kusema wamemwonea kwa rangi yake. Ubaguzi katika mikopo haukuwa hadithi. Mwaka 1974 Marekani ilipitisha sheria kwa sababu wanawake walikuwa wakinyimwa mikopo, na mwaka 1976 ikapanuliwa ikataze pia ubaguzi wa rangi, dini na asili ya mtu. Lakini sheria hiyohiyo ilimpa mwombaji kitu ambacho vijana wetu wengi wanakitupa bila kukisoma: haki ya kuambiwa sababu. Ndiyo maana nawaomba leo, mtoto akipiga simu, kabla ya kumlilia na kabla ya kumshauri, muulizeni: barua ya banki ya kukukatalia inasema nini?

Banki ya kule ikikataa ombi la kadi, inatakiwa kumjulisha mwombaji ndani ya siku 30 tangu ilipopokea ombi lililokamilika. Ama imwandikie sababu, ama imwambie ana siku 60 za kuziomba. Kama ilitumia taarifa kutoka biro ya mikopo, yaani kampuni inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, lazima itaje jina la biro hiyo na anwani yake. Na tangu Julai 2011, kutokana na sheria ya fedha ya 2010, kama alama ilitumika katika uamuzi, barua inabeba alama yenyewe, tarehe iliyotolewa, kipimo chake kinaanzia wapi na kuishia wapi, na mambo makubwa yaliyoishusha: manne, au matano ikiwa wingi wa maombi ya karibuni ni mojawapo. Hiyo ndiyo alama iliyomnyima kadi. Ile ya kwenye simu ni nyingine, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Watu wanadhani mtu ana alama moja kama vile ana damu ya kundi moja. Sivyo. Kule kuna biro kubwa tatu zinazoweka kumbukumbu za mikopo: Equifax ya Atlanta, TransUnion ya Chicago, na Experian. Hakuna sheria inayomlazimu mkopeshaji kupeleka habari kwa zote tatu. Mwingine anapeleka kwa moja, mwingine kwa mbili, mwingine hapeleki popote. Wazieni likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, yenye makatibu watatu, kila mmoja na daftari lake, na wanachama wengine wanaandikisha malipo kwa katibu mmoja tu. Ukiuliza nani mlipaji mzuri, utapata majibu matatu, na hakuna katibu aliyedanganya.

Juu ya madaftari hayo kuna kanuni za hesabu, nazo ni nyingi. Kampuni ya FICO ilianzishwa mwaka 1956 na mhandisi Bill Fair na mwanahesabu Earl Isaac, na alama yake ya jumla, inayotumiwa na wakopeshaji wa kila aina, ilitoka mwaka 1989. Inakwenda kutoka 300 hadi 850. Kila baada ya miaka wanatoa toleo jipya. Toleo la 8 lilitoka 2009 na mpaka leo banki nyingi bado zinalitumia, ingawa la 9 na la 10 yapo. Halafu kuna toleo lililotengenezwa kwa ajili ya kadi za banki peke yake, ambalo kipimo chake ni 250 hadi 900. Kwa hiyo mtu akikuambia ana 720, hajakuambia kitu mpaka aseme 720 ya kipimo gani. Mwaka 2006 biro zile tatu nazo ziliungana zikatengeneza alama yao, VantageScore, ishindane na FICO. Programu ya Credit Karma, ambayo vijana wengi wanaifungua kila asubuhi, inaonyesha VantageScore toleo la 3, kutoka TransUnion na Equifax. Banki iliyomkatalia inaweza kuwa imeangalia FICO kutoka Experian. Daftari lingine, kanuni nyingine, pengine na tarehe nyingine. Na hakuna sheria inayoiamuru banki itumie ipi. Kila moja inachagua, na mwombaji anaijua kwa uhakika pale barua inapofika.

Kwa mgeni tofauti hii inauma zaidi, nami naomba muielewe vizuri. FICO haihesabu alama ya mtu mpaka awe na akaunti moja ya mkopo iliyofikisha angalau miezi sita. VantageScore inaweza kumpa alama mapema sana, hata baada ya mwezi. Tuseme kijana wa mtaa wetu wa Kampemba amefika Dallas, amepata kadi ya dhamana, yaani ile ambayo unaweka dola zako 300 banki ndipo wanakupa kikomo cha matumizi cha dola 300. Baada ya miezi minne simu inamwonyesha 670. Anafurahi, anaomba kadi kubwa, anakataliwa, na barua haina alama yoyote, imeandikwa tu kwamba historia yake ya mkopo haitoshi. Anaona ni uongo, maana 670 anaiona kwa macho. Wote wawili wamesema kweli. Kwa simu ana alama, kwa ile banki bado hajazaliwa. Dawa yake ni miezi miwili ya kungoja huku akilipa kwa wakati. Akikasirika akaomba banki nyingine tatu wiki hiyohiyo, kila ombi linaacha kumbukumbu ya uchunguzi katika faili, inayokaa miaka miwili na kuhesabiwa na FICO kwa mwaka mzima.

Waliokwenda kama wakimbizi mara nyingi wana deni la kwanza wasilolijua kama mkopo: tiketi ya ndege. Shirika la kimataifa la uhamiaji huwakopesha nauli bila riba, na malipo huanza baada ya miezi sita. Malipo hayo huripotiwa kwa biro. Nimesikia wazee wakiwashauri watoto waliache, eti ni deni la msaada. Ushauri huo ni mbaya. Ukilipwa vizuri, mkopo huo ndio msingi wa faili yao. Ukiachwa, doa lake linaweza kukaa miaka saba.

Sasa tuje kwenye sababu zenyewe, kwa maana namba bila sababu haisaidii mtu. Katika FICO, kulipa kwa wakati kunabeba asilimia 35 ya alama, na kiasi cha deni asilimia 30. Hiyo 30 ndiyo inayowaangusha vijana waaminifu. Barua inasema: deni lako ni kubwa ukilinganisha na kikomo. Kijana anashangaa, mimi nalipa yote kila mwezi! Ni kweli analipa. Lakini banki kwa kawaida hupeleka kwa biro salio la siku ile inapofunga hesabu ya mwezi, na tarehe ya mwisho ya kulipa inakuja wiki kama tatu baadaye. Ametumia dola 270 katika kikomo cha 300, hesabu ikafungwa, biro ikaandika asilimia 90. Akalipa zote, hakutozwa hata senti ya riba, na bado anaonekana kama mtu aliyefikwa na maji shingoni. Alipe kabla hesabu haijafungwa, abakize dola 20 au 30, na mwezi unaofuata picha inabadilika. Toleo la 8 la FICO halikumbuki salio la mwezi uliopita. Matoleo mapya kama 10T na VantageScore 4 yanaangalia nyuma mpaka miezi 24, kwa hiyo heri azoee tangu sasa.

Hapa nasema na sisi tuliobaki Lubumbashi. Kukiwa na matanga, au mtoto anadaiwa ada ya shule, tunapiga simu na tunataka pesa leo. Yule kijana anaichota kwenye kadi. Sisemi tusiombe, msiba ni msiba. Lakini tujue kwamba dola 250 zilizotumwa siku tatu kabla ya hesabu kufungwa zinaweza kumnyima kadi, na pengine hata nyumba anayotaka kupanga. Muulizeni ana pesa yake mkononi au anatoa kwenye kadi. Kama ni kadi, tuchangishane sisi kwanza.

Jambo jingine ni majina yetu. Mtu wa hapa ana jina, postinomu yaani jina la pili, na prenomu yaani jina la kwanza. Kule fomu ina nafasi ya jina la kwanza na la mwisho. Banki moja inaandika Ilunga kama jina la ukoo, nyingine inaliweka katikati, ya tatu inayaunganisha. Na wakimbizi wengi waliandikishwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari. Akina Ilunga wangapi, akina Kasongo wangapi, wenye tarehe hiyo? Faili linaweza kugawanyika vipande viwili, au likachanganywa na la mtu mwingine mwenye madeni. Kwa hiyo barua ikitaja TransUnion, aombe ripoti ya TransUnion. Ana haki ya kuipata bure ndani ya siku 60 baada ya kukataliwa, na kwa mambo ya kawaida tovuti ya AnnualCreditReport.com inampa ripoti za biro zote tatu bure kila wiki. Asome akaunti moja moja, na isiyo yake aipinge kwa maandishi. Biro kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza. Asimlipe mtu anayeahidi kusafisha faili. Lililo kosa anaweza kulipinga mwenyewe bila malipo, na lililo kweli huyo mtu hawezi kulifuta.

Huku kwetu mambo ni tofauti. Kadi nyingi za banki hapa ni za pesa yako mwenyewe. Mkopo wa banki unategemea zaidi mshahara unaopita kwa akaunti, na Banki Kuu ya Congo ina daftari lake la hatari za mikopo ambalo banki hulitazama. Tukikataliwa, mara nyingi ni kwa mdomo pale dirishani, kisha mtu anakwenda kwa Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani, kukopa kwa riba ya kumuumiza. Naamini kwa moyo wote kwamba tungeanza kudai sababu kwa maandishi. Anayejua kwa nini amekataliwa anaweza kutengeneza. Asiyejua anabaki kuhangaika mlango kwa mlango.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza kama mtoto anaweza kupiga simu banki baada ya kukataliwa. Ndiyo, mama. Banki nyingi za kadi zina watu wa kuangalia ombi upya. Lakini awe na barua mkononi, aanze na sababu iliyoandikwa. Kama ni anwani isiyolingana, au mapato yaliyoandikwa vibaya, au jina lililogeuzwa kama tulivyosema, simu hiyo inaweza kumaliza jambo siku hiyohiyo. Aulize kwanza kama kuangalia upya kutahesabiwa kama ombi jipya. Kama sababu ni historia fupi, asipige. Alipe kile kidogo alichonacho, aombe tena miezi sita ikitimia.