Sikupiga Kura 2022, na Bado Nina la Kusema

Asalaam aleikum ndugu zangu, hamjambo nyote. Video hii sikuipanga. Nilitaka kuwaeleza mambo ya kujaza kodi ya huku, lakini nimefungua maoni ya video tatu zilizopita na kila mahali nakuta swali lile lile: "Wewe unayezungumzia siasa za Kenya ukiwa Minnesota, 2022 ulipiga kura?" Wengine wameuliza kwa adabu. Wengine wameongezea maneno ambayo mamangu akiyasoma hatalala. Basi nijibu mara moja tumalizane.

Sikupiga. Nilijiandikisha, jina langu limo kwenye daftari, na siku yenyewe sikupiga.

Najua kuna watakaoishia hapo, waandike "nyamaza basi", waende zao. Sawa. Anayetaka kujua ilikuwaje, abaki. Na kabla sijaendelea: nikitaja dola, msiseme najigamba. Nikitaja shida, msiseme nalalamika na niko Ulaya. (Halafu Minnesota si Ulaya jamani, ni Marekani, nishasema mara ngapi.) Nitawapa hesabu zangu kwa sababu bila hesabu hamtanielewa.

2022 ndiyo mara ya kwanza Wakenya wa Marekani kuwekewa vituo. Kabla ya hapo waliokuwa wakipiga ni wa Afrika Mashariki, na 2017 wakaongezwa wa Afrika Kusini. Tulipotajwa nasi, nilifurahi mpaka nikampigia mama saa nane za usiku wa kwao. Kisha nikaangalia vituo viko wapi: Washington, New York na Los Angeles. Vitatu, kwa nchi yote hii. Na ni lazima ufike mwenyewe, wachukue alama za vidole na picha. Kisha Agosti ufike tena mwenyewe kupiga. Safari mbili kwa kura moja, na hiyo kura ni ya urais peke yake. Gavana, mbunge, MCA (mjumbe wa bunge la kaunti), hao huwapigii.

Nikaenda Washington. Mwanzo wa 2022, baridi ya huku ile ya kugandisha kope. Tiketi kwenda na kurudi dola 286, ambazo kwa wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi 32,000. Shifti mbili za usiku nilizozikosa ni dola 400 nyingine, maana kazi yangu ni ya saa, usipokwenda hulipwi. Nililala kwa rafiki Maryland, kwenye kochi, kwa hiyo chumba sikulipa. Kujiandikisha kwenyewe hakukuchukua hata nusu saa, na waliotuhudumia walikuwa watu wazuri. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo, kaja na basi usiku kucha, pasipoti kaifunga kwenye leso ndani ya mfuko wa plastiki. Alipoweka kidole kwenye ile mashine ikakataa, akakipangusa kwenye leso, akaweka tena, ikakataa. Mikono ya kufanya usafi hiyo, dawa zinakula alama za vidole. Mara ya nne ikakubali, na sisi kwenye foleni tukapiga makofi.

Uandikishaji ulipofungwa, Wakenya wote wa ughaibuni, nchi 12, tulikuwa 10,443. Daftari zima la Kenya lilikuwa na watu 22,120,458. Na mwaka huo huo Benki Kuu ikasema pesa tulizotuma nyumbani zilipita dola bilioni 4. Tafadhali wekeni namba hizo pamoja mzitazame. Katiba kwenye kifungu cha 82 inasema haki yetu ya kupiga kura itatimizwa hatua kwa hatua. Ni kweli, hatua zimepigwa, sikatai. Lakini ukisikia mtu anasema "diaspora hawajali, angalieni wanavyojiandikisha wachache", muulize kwanza kituo kilikuwa wapi.

Sasa Agosti. Uchaguzi wetu ni Jumanne ya pili ya Agosti, na kwenu siku hiyo ni mapumziko. Huku ni Jumanne tu. Niliomba likizo mwezi Mei, nikapewa kwa maandishi. Siku tatu kabla ya safari wafanyakazi wenzangu wawili wakaugua Korona, msimamizi akaifuta likizo yangu. Nikamwambia ni uchaguzi wa nchi yangu. Akaniuliza, "Huwezi kutuma kwa posta?" Kwake yeye ni jambo la kawaida, Wamarekani wengi hupiga kwa posta. Nikakosa la kumjibu. Ningeacha kazi? Kuna atakayesema yeye angeacha. Mimi nina watu sita wanaokula kwa mshahara huo, wawili wako shule. Tiketi ilipotea, pesa hawakurudisha.

Kwa hiyo usiku wa tarehe 9 nilikuwa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nambadilisha mzee mmoja shuka, simu iko kwenye dirisha inaonyesha zile fomu za 34A, za matokeo ya urais ya kila kituo, zikipandishwa moja moja kwenye tovuti ya IEBC, tume yetu ya uchaguzi. Vituo vilikuwa 46,229, na kila mtu mwenye simu angeweza kufungua fomu. Nikatafuta ya kituo anachopigia mama, Mombasa, darasa la shule ya msingi niliyosoma mimi. Waliojiandikisha mia sita na kitu. Waliopiga hawakufika mia tatu.

Nilikaa na ile fomu muda mrefu. Mtaa ule ninaujua nyumba kwa nyumba, na nilijua ni nani na nani hawakwenda. Mmoja ni ndugu yangu wa tumbo moja: aliandikishwa Mombasa, kazi iko Nairobi, na wiki ya uchaguzi nauli ya basi ilikuwa imepanda mpaka haishikiki. Mwingine ni jirani yetu, mzee wa watu, aliyeapa tangu 2017 kwamba hatapanga foleni tena maishani. Kuna vijana wa barazani waliosema wote ni wale wale. Kuna waliokuwa wakimngojea gavana tu, na kura ya gavana Mombasa iliahirishwa siku moja kabla kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa, ikapigwa tarehe 29. Na kuna bwana mmoja aliyekuwa ameshazikwa, Mungu amrehemu, jina bado limo. Ukaguzi wa daftari mwaka ule ulikuta majina ya marehemu zaidi ya laki mbili.

Hao wote, pamoja na mimi wa Minnesota, kwenye takwimu ni kitu kimoja: "hawakujitokeza". Jambo hili ndilo linaloniuma, na ndilo lililonikalisha mbele ya kamera leo.

Kwa sababu matokeo yakishatangazwa utasikia: "Wananchi wamesema." Wananchi gani? William Ruto alipata kura 7,176,141, hayati Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni kama 233,000. Kisheria mshindi ni mshindi, Mahakama ya Juu ikathibitisha, mimi sifungui kesi hapa, tafadhali msinitie maneno mdomoni. Ninachosema ni kwamba waliojitokeza walikuwa kama asilimia 65. Waliobaki ni karibu milioni 7.8, wengi kuliko waliompigia yeyote kati ya hao wawili. Ukigawa kura za mshindi kwa daftari zima, unapata kama asilimia 32. Basi anayeniambia nusu ya Kenya ilimtaka huyu na nusu ikamtaka yule, namwambia sivyo. Ni theluthi, theluthi, na theluthi iliyokuwa kwingine. Na hapo hatujawahesabu vijana ambao hawakujiandikisha kabisa. Wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40 ya daftari, na walipungua kulinganisha na 2017.

Kuna mtu ananiandikia kila wiki, "Aliyebaki nyumbani ameridhika." Kaka, kumbuka Oktoba 2017. Mahakama ilifuta uchaguzi wa Agosti, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, Raila akawaambia watu wake wasiende. Uhuru Kenyatta, rais wa wakati ule, akapata asilimia 98. Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 39, na kuna kaunti nne za Nyanza ambazo kura haikupigwa. Miezi miwili tu nyuma Uhuru alikuwa na asilimia 54, kwa waliojitokeza karibu wanane katika kila kumi. Wakenya hawakubadilisha mioyo ndani ya miezi miwili. Foleni ndiyo iliyobadilika. Ukiisoma ile 98 bila kuisoma ile 39, hujasoma kitu.

Na walionigeuzia upande wa pili, wanaosema "aliyebaki nyumbani amekataa", hao nao nawapinga. Ndugu yangu hakukataa chochote, alikosa nauli. Huwezi kumchukua mtu asiyesema ukampa maneno unayoyataka wewe. Nimeona wanasiasa wa pande zote mbili wakifanya hivyo, kila mmoja anadai wale milioni 7.8 ni wake.

Hata wataalamu wa kura za maoni walitatizika. Wiki ya mwisho ya kampeni za 2022 Ipsos walimweka Raila mbele kwa pointi 6, Infotrak kwa pointi 8. Sisemi walidanganya. Kumuuliza mtu kwa simu akiwa kwake amekaa ni jambo moja, na yeye kuamka alfajiri akasimame foleni ni jambo jingine. Mtu anaweza kukupenda na asikuamkie.

Sasa niseme hili nilitue, maana nimelibeba. Matokeo ya 2022 yalipotangazwa pale Bomas, Nairobi, tarehe 15 Agosti, kwangu ilikuwa asubuhi, ndiyo natoka kazini. Kwenye kundi la WhatsApp la familia watu wanabishana. Nikaandika maoni yangu, mistari miwili, bila kumtukana mtu. Binamu yangu, ambaye ada ya chuo nilimlipia mimi, akaniandikia: "Wewe tuma pesa, siasa tuachie sisi tulioko." Watu kumi na moja wakaweka alama ya kucheka. Shangazi yangu ndiye peke yake aliyemkemea. Niliketi kwenye gari pale maegesho nisiweze kuwasha. Pesa nilituma wiki iliyofuata kama kawaida, maana watoto hawana kosa. Lakini sijasahau. Huku sina kura, mimi si raia, na nikithubutu kupiga ni kosa la jinai la kunirudisha nyumbani. Huko nina kura iliyo umbali wa ndege mbili. Halafu naambiwa nisiwe hata na maoni.

Ile Juni ya 2024, vijana walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, watu wengi waliniuliza, "Hawa walikuwa wapi 2022?" Wengine walikuwa na miaka kumi na sita, hiyo ni moja. Na wengine walikuwa ndani ya ile milioni 7.8. Maoni yao yalikuwapo miaka miwili kabla. Hayakuonekana kwa sababu tulikuwa tunayatafuta ndani ya debe tu.

Mmeniuliza pia kama tuige Australia, kura iwe lazima, usipokwenda upigwe faini. Kule hujitokeza kama asilimia 90. Mimi sioni vibaya, ila ukimlazimisha mtu ni lazima kituo kiwe karibu naye kwanza. Faini bila kituo ni kumwonea.

Wale mlioko ughaibuni mnaoniuliza mjiandikishe ama msijisumbue, siwezi kuwajibia. Aliye New York anapanda treni. Aliye Dallas ana hesabu nyingine, mwenye watoto wadogo nyingine kabisa, na makaratasi yako ya uhamiaji unayajua wewe. Usiniambie baadaye ni mimi niliyekutuma. Angalia tu pasipoti yako inaisha lini, na uangalie mapema, usingoje mwezi wa mwisho.

Mimi mwenyewe? Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, Jumanne. Nimemwambia msimamizi, huyu ni mpya, akaniambia kitabu cha likizo cha 2027 bado hakijafunguliwa. Nikamwomba karatasi tupu, nikaandika tarehe na jina langu, nikamwomba atie sahihi, akatia. Nimeipiga picha. Na safari hii sitakwenda Washington. Nataka kuhamisha jina langu lirudi kituo cha mama, nije nyumbani nipige na gavana na mbunge na MCA. Nauli yake ni mara nne ya ile. Nimeanza kuweka dola 50 kila mwezi, na mama ameshaniambia foleni huanza saa kumi na moja alfajiri, atanishikia nafasi.