Keki ya Sendofu na Kivuko cha Kamanga

REHEMA: Karibuni tena jikoni. Masanja, leo usiniulize habari za Jumamosi.

MASANJA: Shikamoo dada. Habari za Jumamosi?

REHEMA: Marahaba. Keki imelala.

MASANJA: Ile ya sendofu?

REHEMA: Ile ile, ya Sengerema. Chini inchi 12, katikati 9, juu 6. Nimepandisha ghorofa zote nyumbani Pasiansi, hapa Mwanza, tukaingia kivuko cha Kamanga. Majini imetulia kabisa. Sasa gari linashuka ng'ambo, tairi za mbele zinaachia ule mlango wa chuma, tih! Nageuka, ghorofa ya juu imesogea vidole viwili. Aisingi ya katikati imepasuka toka juu hadi chini, unaona mpaka keki ndani.

MASANJA: Pole sana dada'ngu. Ukafanyaje?

REHEMA: Ya juu nikaitoa, nikaipa sahani yake pembeni na maua. Yule binti akaniambia asante dada. Nilienda kulia nyuma ya ukumbi.

MASANJA: Vijiti vya kubebea ghorofa ulikata sawa?

REHEMA: Sawasawa. Nachomeka kimoja mpaka kigote chini, natia alama usawa wa aisingi, nakichomoa, vingine vyote nakata kwa kipimo cha hicho. Vitano chini, vinne katikati. Na kila ghorofa ina bodi lake.

MASANJA: Basi uzito ulibebwa vizuri. Kijiti kazi yake keki ya juu isizame kwenye ya chini. Kuteleza hakizuii. Ulikosa nguzo ya katikati, dada. Bodi za juu unazitoboa mapema, nguzo unaichonga ncha, unaigongelea toka juu mpaka ikamate bodi la chini kabisa.

REHEMA: Mimi naona kosa ni kuipandisha nyumbani. Ningebeba maboksi matatu, nikapandishia ukumbini, ningerudi nacheka.

MASANJA: Ukumbini? Meza inayumba, fundi anajaribu spika, mama wa kamati kasimama begani kwako. Na siagi imeshalainika, kila unapogusa kidole kinabaki. Pandisha nyumbani, keki ikiwa imetoka kwenye friji imekaza.

REHEMA: Ikitoka friji kwa joto la Mwanza inatoka jasho. Fondanti, ile sukari ya kufunikia keki, inanata kama gundi.

MASANJA: Usifungue boksi. Jasho linabaki juu ya boksi.

REHEMA: Boksi gani la ghorofa tatu, Masanja?

MASANJA: Nitakutengenezea. Lakini ukumbini sikubali.

REHEMA: Na mimi nyumbani sikubali tena. Endelea.

MASANJA: Kwanza kwa nini Kamanga? Daraja la Kigongo-Busisi lipo tangu 2025. Kilomita 3 juu ya maji, lami tupu, keki hata haijui kama imevuka ziwa.

REHEMA: Darajani sawa. Kufika darajani je? Toka mjini mpaka Usagara kuna matuta mangapi?

MASANJA: Hayafiki kumi.

REHEMA: Masanja! Anza Mkuyuni.

MASANJA: Mkuyuni... haya. Butimba je?

REHEMA: Hesabu yale madogo madogo pia. Hayo ndiyo yanaua keki, yanatikisa kama ungo. Tuta kubwa dereva analiona, anapunguza.

MASANJA: Hapo umesema kweli. Lakini kivuko unakipanda na kukishuka, matuta mawili makubwa ya chuma.

REHEMA: Mawili tu! Wewe unanipeleka kwenye ishirini.

MASANJA: Zamani Kigongo tulikuwa tunasubiri feri mpaka jua linazama. Mama alikuwa na ndoo ya sangara, barafu yote imekuwa maji. Leo watu wanapita bila kushika breki, wewe unarudi kivukoni?

REHEMA: Mama akitaka kupeleka sangara, apite darajani. Sangara hana aisingi.

MASANJA: (anacheka) Wasikilizaji wa Sengerema, mtuhesabie hayo matuta. Tuma sauti.

REHEMA: Na tuliwaahidi vijiti, bodi, na aisingi ya joto. Dakika zimebaki ngapi?

MASANJA: Moja. Mrija mnene wa plastiki unafaa kwa...

REHEMA: Hautoshi muda, acha. Jumamosi nina keki ya ghorofa mbili, Kirumba.

MASANJA: Nikuletee nguzo?

REHEMA: Niletee. Ila napandishia ukumbini.